Chupa Tano za Dodoma na Majina ya Ladha Zake

Jumamosi moja ya mwezi Septemba, jua lilipokwisha kuzama na upepo wa Dodoma kuanza kupoza kuta za nyumba, tulikaa watu sita barazani kwangu, mtaa wa Kisasa, tukiwa na chupa tano zilizoviringishwa kurasa za gazeti ili asiwepo wa kusoma lebo kabla ya kuonja. Zote zilikuwa za mvinyo uliotokana na zabibu za mkoa huu. Nne kati yake zilikuwa za aina ambazo wengi wetu hatukuwahi kuzisikia zikitajwa dukani, kwa kuwa dukani mteja huulizwa mambo mawili tu, nyekundu au nyeupe, tamu au kavu, na jina la zabibu halimo katika mazungumzo.

Mimi nilihamia Dodoma mwaka 2017, ofisi za serikali zilipoanza kuhama kwa wingi kutoka Dar es Salaam, na nilikuja nikiwa na ujuzi wa mtu aliyelelewa parokiani. Nilijua kwamba kilichomo katika kikombe cha padre kinaitwa divai, na kwamba kinachomiminwa ukumbini siku ya harusi kinaitwa waini, na sikuwahi kujiuliza kama ni kitu kimoja. Kwa miaka miwili ya mwanzo nilikunywa Dompo, mvinyo wa hapa Dodoma, kama wanywavyo wenyeji wengi, kwa kuwa ni tamu na yapatikana kila mahali, na wala sina neno baya juu yake. Lakini nilikuwa nikiishi katikati ya mashamba ya mizabibu nisiyojua hata majina yake, na jambo hilo lilianza kunikera.

Anayetaka kuujua mvinyo wa hapa inafaa aanzie shambani. Mzee mmoja wa ofisini alinipeleka Mpunguzi kwa dada yake, mkulima wa zabibu kwa miaka mingi. Nilimwamkia kwa Kigogo kidogo nilichokuwa nacho, "Mbukwenyi," akacheka na kunipokea kama mwanawe. Alikuwa akipogoa. Mkasi wake ulipita kwenye kila shina na kuacha vijiti vifupi vyenye macho mawili matatu tu, na ardhi yote chini ya waya ilijaa matawi yaliyokatwa, mengi yakiwa bado na majani mabichi. Nilimuuliza kwa nini anakata matawi yenye afya.

"Mwanangu," alisema bila kuinua macho, "mzabibu ukiuacha utakupa majani mpaka uchoke kuyatazama. Ukitaka zabibu, lazima uuumize kidogo."

Nimeyafikiria maneno yale mara nyingi, kwa sababu ndani yake imo siri yote ya kilimo hiki. Sehemu kubwa ya mizabibu ya mvinyo duniani hulimwa kati ya nyuzi 30 na 50 za latitudo, mahali ambapo baridi ya kila mwaka huupukutisha mzabibu majani na kuulaza, kisha majira ya joto huuamsha. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, katika uwanda wa juu wa mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, na mzabibu wa hapa hauletewi baridi ya kutosha kuulaza. Mkasi wa mkulima ndio unaoshika nafasi ya majira. Anapopogoa, mmea hustuka, huchipua upya na kutoa maua, na baada ya miezi minne hivi vichala huwa tayari. Ndiyo maana mkulima wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, kuelekea mwezi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Mavuno ya Machi hukomaa mvua zikinyesha, na ugonjwa wa ukungu huyasumbua. Yale ya kiangazi hukomaa kwenye jua kavu na usiku wenye ubaridi, na mimi nikipewa kuchagua, huchagua mvinyo wa kiangazi.

Nilirudi kwa mama yule miezi minne baadaye. Alinikatia kichala, akaniambia nisimeze haraka: nimumunye maji yake kwanza, kisha nitafune ganda peke yake, kisha mbegu peke yake. Maji yalikuwa matamu kupita zabibu za sokoni. Ganda lilikuwa na uchachu na harufu. Mbegu ilinikausha ulimi na fizi, kama ndizi mbichi. "Huo ni ukakasi," akasema. "Wa kiwandani wana jina lao, sisi tunauita ukakasi."

Jina la wa kiwandani ni tanini, na ndiyo hiyo iliyomo katika maganda na mbegu, ambayo huingia katika mvinyo mwekundu kwa sababu mwekundu huchachushwa pamoja na maganda yake. Maji ya zabibu nyingi nyekundu hayana rangi. Rangi nayo hutoka gandani. Mvinyo mweupe hukamuliwa kwanza, maganda yakatupwa, ndipo ukachachushwa, kwa hiyo ukakasi wake ni kidogo mno. Nilikuwa nimesoma maelezo haya kabla ya siku ile bila kuyaelewa. Mbegu moja ya Mpunguzi na neno moja la Kiswahili vilitosha, na tangu hapo nilishika msimamo ambao sijauacha: anayeonja mvinyo asioujua aupe majina kutoka katika jikoni alimokulia. Vitabu vya wageni humwambia atafute harufu ya matunda ya porini ya nchi za baridi, matunda ambayo hajawahi kuyatia mdomoni, naye akiyakosa huamini kwamba mvinyo si wake.

Basi barazani siku ile kanuni ilikuwa moja tu, kwamba kila mtu aseme alichokionja kwa jina la kitu anachokijua.

Chupa ya kwanza ilikuwa nyeupe, nayo ilitajwa haraka: embe lisiloiva sawasawa, asali, na ugwadu mwishoni. Ilikuwa Chenin Blanc, zabibu yenye asili ya bonde la Loire, Ufaransa, ambayo siku hizi hulimwa kwa wingi zaidi Afrika Kusini kuliko kwao. Sifa yake ni kuutunza uchachu hata kwenye joto, na kwa nchi kama hii ya kwetu hilo si jambo dogo, kwani joto huongeza sukari katika zabibu na kuupunguza uchachu, na mvinyo usio na uchachu humchosha mnywaji kabla ya glasi kuisha. Ya pili ilikuwa Makutupora nyekundu, iliyobeba jina la mahali palipo na kituo cha utafiti wa zabibu kaskazini mwa mji. Hiyo ndiyo pekee tuliyokuwa tumeizoea, nyepesi, yenye ladha ya rozela iliyopoa. Ya tatu, Syrah, ilitajwa pilipili manga na watu wanne kati ya sita, nami sitaikalia zaidi kwa kuwa waandishi wengi wameshaieleza.

Ya nne ilitushika. Ilipomiminwa ilikuwa na rangi nzito ya zambarau, na jirani yangu, mwalimu mstaafu kutoka Tanga, alionja akanyamaza, akaonja tena, kisha akautoa ulimi na kumwonyesha mkewe. "Zambarau," akasema. "Hizi ni zambarau za kwetu, zile tulizokuwa tukizificha mfukoni shuleni na mwalimu akatugundua kwa midomo." Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuonja kitu kingine. Ilikuwa Teroldego, zabibu ya Trentino, kaskazini mwa Italia, ambayo nje ya eneo hilo ni adimu. Imefika kwetu kwa sababu kiwanda cha Cetawico kilichopo Hombolo, kilomita 40 hivi kutoka mjini, kina asili ya Kiitalia, kama ilivyo asili ya mapadre wanaotajwa kupanda mizabibu ya mwanzo huko Bihawana kwa ajili ya altare. Jambo lililonifurahisha zaidi nililipata baadaye: vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba Teroldego ni ndugu wa mzabibu uitwao Dureza, na Dureza ni mzazi mmojawapo wa Syrah. Kwa hiyo chupa ya tatu na ya nne zilikuwa za ukoo mmoja, zimekutana Dodoma bila sisi tuliozikutanisha kujua.

Ya tano ilikataliwa. Ilikuwa Aglianico, ya kusini mwa Italia, zabibu inayochelewa kuiva na yenye tanini nyingi kwa maumbile yake. Mwalimu alisema ni bibo bichi, lile la korosho ambalo hukaza koo. Mwingine alisema ukwaju usiotiwa sukari. Glasi zilirudishwa mezani zikiwa na mvinyo ndani.

Nilijilaumu kidogo, kwa sababu sehemu ya kosa ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeiacha chupa ile juu ya kabati mchana kutwa, na joto la Dodoma wakati huo wa mwaka huweza kupita nyuzi 30. Wanaposema mvinyo mwekundu unywewe katika joto la chumba, wana maana ya vyumba vya nchi za baridi. Hapa kwetu nusu saa ya friji ni lazima, la sivyo kileo hupanda puani na kufunika kila kitu. Nilipaswa kukumbuka, maana mwaka uliotangulia nilinunua chupa iliyokuwa imesimamishwa kwenye dirisha la duka moja, jua likiipiga, na nilipoifungua ilinuka siki. Chupa hulazwa gizani mahali pa baridi, na muuzaji asiyejua hilo humharibia jina mkulima aliye mbali naye.

Na mkulima hana nafasi kubwa ya kukosea. Zabibu iliyoiva haisubiri: kichala kikishakomaa, siku chache zikipita bila mnunuzi, jasho la miezi minne linaoza. Kiwanda nacho hununua kile ambacho wanywaji wanakitaka. Tukiendelea kuuliza tamu au kavu tu, hakuna atakayekuwa na sababu ya kupanda Teroldego mstari mmoja zaidi, na mama wa Mpunguzi ataendelea kulipwa bei ile ile kwa zabibu yoyote aipelekayo. Hili linaniuma kweli.

Jumapili mchana yake mwalimu alirudi kufuata bakuli lake. Nilikuwa na mbuzi jikoni, mbavu zenye mafuta, na ile chupa ya tano ilikuwa kwenye friji, robo tatu imejaa, kizibo kimerudishwa. Nilimmiminia kidogo bila kumwambia ni ipi. Alitafuna nyama, akanywa, akatafuna tena. Mafuta na nyama huishika tanini kabla haijaushika ulimi, lakini sikumweleza hayo. Aliuliza kama ni ile ya zambarau. Nikamwambia ni ile ya bibo. Aliitazama glasi kwa muda, akaniomba kalamu, akaandika kwenye ukingo wa karatasi ya gazeti iliyokuwa bado imeviringishwa chupani, herufi baada ya herufi nikimtajia: Aglianico. Na mbele yake, kwa mwandiko wa ubaoni: bibo bichi, ukwaju, mbuzi.