Twendeni Sabaki kabla ndege hawajaondoka

Watu wengi hapa Malindi ukiwatajia ndege wa kuhama wanajua tu ile miezi wanaingia, Septemba Oktoba, na ni sawa, lakini mimi nawaambia utamu wenyewe pale Sabaki, mto unapoingia baharini, ni sasa, mwisho wa Machi na Aprili, kaskazi imechoka, bahari iko tanga mbili, kusi haijashika bado, na wale ndege waliokaa na sisi miezi yote ya joto wanajiandaa kurudi kwao kuzaa.

Wamebadilika kabisa yaani. Kuna yule sandpipa, ndege wa kwenye tope la ufukweni, yule mdogo wa mdomo uliopinda, Desemba ukimwona ni kijivu tu, unampita. Sahii muangalie kwa darubini vizuri: kifuani nyoya jekundu hapa, jeupe pale, mabaka mabaka, na ukirudi wiki mbili baadaye ni mwekundu wa tofali kuanzia usoni mpaka tumboni. Hapumziki, anadunga tope, anachomoa kijidudu, anadunga tena, hata shakwe akipita juu yeye yuko na shughuli yake. Ni kindege cha gramu 60 hivi na kinaenda kuzaa kule juu kabisa Siberia, maelfu ya kilomita, na yale mafuta anayoweka chini ya ngozi hapa kwetu ndio petroli yake ya safari. Mimi hilo jambo linanigusa sana, manake petroli yenyewe inatoka kwa tope la Sabaki, lile lile watu wanaliona uchafu mto ukishuka na maji mekundu.

Kwenda kwenyewe angalia maji kwanza, saa ya ukutani baadaye. Maji yakipwa sana ndege wametawanyika mbali huko, hata darubini haisaidii. Fika wakati maji yanajaa, hasa siku za bamvua maji yakiwa makubwa, yanawasukuma wote pamoja mpaka kwa mafungu ya mchanga pale mtoni unapoingia baharini, na hapo ndio unakuta sandpipa, plova, membe, buabua, heroe wakiwepo, wote mahali pamoja. Mida Creek, hori la mikoko kule Watamu, ni hivyo hivyo, na kule kuna krabu plova, mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyo haendi Siberia, anaenda pwani za Somalia na Uarabuni, anachimba shimo mchangani anataga humo, kwa kawaida yai moja tu jeupe, na joto la mchanga linasaidia kulilalia. Jioni keremkerem wekundu wanakuja kulala kwa mikoko, ila wahi, nao wanaondoka.

Na nendeni kikundi jamani. Nairobi wana matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi ambayo Fleur Ng'weno alianza kuyaongoza 1971, watu wanajifunza wakitembea tu, na sisi tulio na bahari, mto na msitu wa Arabuko-Sokoke kwa mpigo tunashindwa na nini? Mkiwa wengi huyu anaona kilicho mbali, yule anajua sauti, mwengine ana darubini ya miguu mitatu kila mtu anachungulia kwa zamu. Alafu kuna usalama. Matembezi yaliyopita tulimkuta mzee anashona nyavu, dada mmoja akamwamkia, "Shikamoo ami, tukifuata ukingo huu tutafika?" Akasema, "Marahaba wanangu. Mtafika, lakini piteni juu huko kwa mchanga, hapo chini ni njia ya viboko." Tukapita juu. Wavuvi waulizeni kila kitu, wako pale kila siku na wanajua ndege wanalala wapi kuliko kitabu chochote.

Sasa kitu kimoja ninachokiomba kwa moyo wote: msiwarushe. Naona watu wanatembea moja kwa moja kuelekea kundi ili waruke wapate video nzuri, au mbwa anaachiliwa tu, watoto wanakimbia na wakubwa wanacheka. Kila wakiruka wanachoma yale mafuta waliyoyatafuta tangu alfajiri, na maji yakiwa yamejaa hawana pengine pa kutua. Wakianza kuinua vichwa na kusogea sogea, hapo simameni, rudini hatua chache, kaeni chini. Mkitulia wao wenyewe wanawasogelea, nimeona mara nyingi, na picha mtapata nzuri zaidi.

Wakienda hao pwani haibaki tupu. Aprili hiyo hiyo pratinkoli wa Madagaska wanaanza kuingia hapo Sabaki, wana mabawa marefu kama mbayuwayu, wanakaa nasi mpaka Septemba hivi. Pia sandpipa na membe wachanga waliozaliwa mwaka jana wengi wao hawaendi popote, wanabaki hapa kipindi chote cha kusi, sandpipa na kijivu chao. Kwa hivyo ukiwaona Juni usidhani ni wagonjwa au wamepotea, hawajafika umri wa kuzaa tu. Ukija beba maji, kofia, na viatu visivyoogopa tope, na kama huna darubini njoo hivyo hivyo, tutaazimana.