Ghajini, Bibi na zile nembo usoni

Ghajini nimeionea kibanda umiza pale Chikongola, kwenye benchi la mbao na joto la Mtwara mnalijua wenyewe, nasemea ile ya Kihindi ya 2008 ya Aamir Khan, siyo ile ya Kitamil ya 2005, ingawa director ni huyohuyo Murugadoss. Jamaa kapigwa nondo ya kichwa, kila dakika 15 anasahau kila kitu, basi mwili mzima kajichora tatuu, majina, namba za simu, mchumba wake kauawa na nani. Tulitoka pale kila mtu kajichora mkono kwa peni ya bluu, mama akanisugua na dodoki mpaka basi.

Afu nikaipata CD yake nikaenda kuiangalia kwa mjomba, na Bibi alikuwepo, kashuka kutoka Newala baada ya korosho kuuzwa. Sasa Bibi yangu ni wale Wamakonde wa zamani, uso wake ulikuwa umechanjwa, mistari ya kona kona mashavuni na kwenye paji la uso, rangi kama bluu iliyoiva sana, na mdomo wa juu una tundu la ndonya, kile kipande cha mti cha kuvaa mdomoni, japo ndonya yenyewe aliitoa miaka mingi, sisi wajukuu tulimkuta hivyohivyo hatukuwahi kuona ajabu.

Bibi kaangalia weee, kimya, afu akauliza, "Huyu kachanjwa na nani?"

Nikamwambia kajichora tu Bibi, anasahau sana, anajiandikia akumbuke.

"Sasa kama anasahau si akawaulize watu? Hana watu?"

Tulicheka sana siku ile. Mi mpaka leo naona lile swali limeimaliza ile muvi yote.

Maana mwenyewe Bibi hakujichanja. Alishikwa na wakubwa, fundi akamkata kwa kikisu, ukapakwa mkaa wa mbarika kwenye vidonda ndo maana inakuwa ile bluu, akaachwa juani akauke, na kilipopona wakarudia tena juu ya palepale ili itokeze vizuri. Alisema alilia mpaka sauti ikakata (akisimulia anacheka, mi tumbo linanisokota). Na uso wake hakuwa anauona, kioo chenyewe kilikuwa kitu cha kuazima, ile nembo waliisoma wengine, mtu akikutana naye njiani kabla hata ya salamu anajua huyu ni Mmakonde. Na neno ni hilohilo, nembo, tunaloitia hata ile ya taifa yenye bibi na bwana wameshika pembe za ndovu, sijui kama huwa mnaliwaza.

Baadaye sana nikaiona Memento, ya Christopher Nolan ya 2000, ndo utajua Ghajini ilichota wapi. Leonard naye kumbukumbu haikai, anapiga picha za Polaroid na kujichora tatuu, ya kifuani imeandikwa kinyume ili aisome kwenye kioo. Na mwisho (kama hujaiona ruka hapa) kumbe jamaa anajidanganya makusudi, anaagiza tatuu ya namba ya gari la mtu ambaye anajua kabisa siye, ili akishasahau aje amuue. Yani ngozi yake mwenyewe imemdanganya na hakuna wa kumbishia, maana hana watu! Bibi alishasema.

Ile ambayo Bibi angeielewa ni Eastern Promises ya 2007, ya Cronenberg. Viggo Mortensen anasimamishwa na chupi tu mbele ya wazee wa mafia wa Kirusi, wamekaa kwenye viti wanamsoma mwili, gereza gani, kosa gani, ndo wanampa nyota za kifuani na magotini. Wazee wanakaa, mtu anasomwa, hiyo ni Newala kabisa! Tofauti yake jamaa ni shushushu, mwili umeandikwa uongo na wazee wameuamini. Uso wa Bibi usingeweza kufanya hivyo, waliokuwepo siku anachanjwa walikuwa wanamjua tangu mgongoni.

Bibi katutoka sasa, na kwenye ukoo hakuna aliyebaki na zile alama, mama zetu hawakuchanjwa kabisa. Mwaka jana nikaamua nichore mimi, mkononi tu, mistari ya shavu lake la kulia. Nikaenda kwa dogo mmoja anachora tatuu hapa mjini, mashine anayo, kazi zake safi, akaniambia poa broo, lete picha.

Picha ya Bibi tuliyonayo ni moja, fotokopi ya kadi ya kupigia kura. Dogo akaigeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha, akaipiga kwa simu akajaribu kuing'arisha, uso wote mweusi, shavu halina hata mstari mmoja.

"Hamna nyingine?"

Nikampigia mjomba. Mjomba akasema ilikuwa mitatu. Mama akasema minne.