Lile doa jeusi la tabla

Jamani mi tabla, ile jozi ya ngoma za India zinazopigwa kwa mikono, inanimaliza, hasa lile doa jeusi katikati ya ngozi, wengi wanadhani ni pambo tu kumbe ndo siri yenyewe. Fundi anachanganya unga wa chuma na uji mzito, anapaka kidogo kidogo, kila tabaka analisugua na jiwe mpaka linakuwa na vijipasuko vidogo sana, ndo maana ngozi inatoa noti safi kabisa, na mwanasayansi C. V. Raman alilichunguza hilo mwaka 1920. Ngoma ya kulia ni ya mti, ya kushoto chuma, hiyo unaibonyeza na kiganja sauti inapanda. Halafu kila pigo lina jina, unalitamka kwanza: na, ge, zikigongwa pamoja inakuwa dha!