Bata wa Uani Anaweza Kufika Miaka 10

Mitaani kwetu Tanga bata anasifiwa kwa ugumu wake, na sifa hiyo ndiyo inayompunguzia maisha. Kideri kinapopita na kumaliza mabanda ya kuku, bata hubaki wakitembea uani kana kwamba hakuna kilichotokea, na mwenye nyumba huhitimisha kwamba ndege huyu hana haja ya kuangaliwa. Ndipo anapopewa kila kilichokataliwa na wengine: pumba zilizoota ukungu, mahindi yaliyochambuliwa kwa sababu hayafai kusagwa, machicha ya nazi ya jana, ukoko wa ugali uliolowa. Huishi miaka 2 au 3, hufa bila dalili ambayo mtu aliiona, na watu husema siku zake zilikuwa zimefika. Hazikuwa zimefika. Bata wa kufugwa akitunzwa vizuri huishi kati ya miaka 7 na 12, na jike mkongwe kuliko wote hapa kwangu, ambaye ameshapita mwaka wake wa nane, bado anataga, anaatamia na kuwagombeza vijana.

Wengi wa bata tunaowaita wa kienyeji, wenye nyama nyekundu usoni na sauti ya kuhema badala ya kelele, asili yao ni Amerika ya Kati na ya Kusini, ambako wenyeji waliwafuga kabla ya Wazungu kufika. Hawa si ndugu wa karibu wa bata weupe wa Pekin wala wa Khaki Campbell kutoka Uingereza, ambao wote wametokana na batamwitu wa kaskazini mwenye kichwa cha kijani. Mfugaji anapaswa kuijua tofauti hiyo, kwa kuwa mayai ya bata wa kienyeji huanguliwa baada ya siku 35 hivi na ya wale wengine baada ya siku 28, na watoto wanaozaliwa kwa kuwachanganya huwa hawazai. Tofauti hiyo inagusa umri pia: Khaki Campbell anaweza kukaribia mayai 300 kwa mwaka, na mwili unaotaga kwa kasi hiyo huchoka mapema, ilhali jike wa kienyeji hutaga mayai 8 hadi 15, huyaatamia, hulea, kisha hupumzika. Kwa anayetaka ndege wa kukaa naye miaka mingi, mimi humshauri achukue wa kienyeji.

Jambo ambalo ningependa kila mfugaji wa bata alishike kuliko mengine yote ni sumukuvu. Mwaka 1960 nchini Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika kipindi cha miezi michache, na vifaranga wa bata wakafa pamoja nao, mpaka uchunguzi ukafika kwenye mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka Brazil, yaliyokuwa yameshambuliwa na kuvu anayetoa sumu. Baada ya hapo, wataalamu walipotaka kujua kama karanga fulani zina sumu hiyo, mojawapo ya vipimo vyao vya mwanzo ilikuwa ni kumlisha kifaranga wa bata wa siku moja, kwa sababu yeye huumizwa na kiwango kidogo ambacho kifaranga wa kuku angekihimili. Ndege tunayemwaminia kwamba hula chochote ndiye aliyechaguliwa kwa udhaifu wake mbele ya chakula kibovu. Hapa kwetu Afrika Mashariki hatuna haja ya kuelezwa ukali wa sumu hii, kwani mwaka 2004 mashariki mwa Kenya mahindi yaliyoingiwa nayo yaliua watu 125.

Sumukuvu hushambulia ini. Kifaranga aliyekula nyingi hudumaa, hupepesuka, hurudisha kichwa nyuma kwa mtukutiko na kufa ndani ya siku chache, na huyo walau humshtua mwenyewe. Ninayemhofia zaidi ni bata mkubwa anayekula kidogo kidogo kwa miezi, ambaye ini lake linaharibika polepole huku akionekana mzima, kinga yake inashuka, mayai yanapungua, na mwishowe anauawa na ugonjwa ambao angeushinda. Kuchemsha pumba hakuiondoi sumu, wala kuzianika tena juani. Tena pumba ni hatari kuliko unga uliotoka katika mahindi hayohayo, kwa sababu sumu hukaa zaidi kwenye maganda na kiini cha punje, sehemu ambazo mashine huzitenga na kutupatia sisi kama chakula cha mifugo.

Kwa hiyo sinunui pumba bila kufungua kiroba. Huingiza mkono mpaka katikati, maana juu daima ni pakavu na pazuri, na huko chini ndiko ninakopima: pumba njema ni za baridi, hupita kati ya vidole bila kushikana na hunukia unga, zilizoharibika huwa na uvuguvugu, hufanya mabonge yanayovunjika kwa vumbi la kijivu au la kijani, na harufu yake hukaa mkononi hata baada ya kunawa. Kwa kuwa sumu inaweza kuwamo hata pale ambapo ukungu hauonekani, ninapendelea pumba za mashine ya mtaani inayosaga mahindi ambayo watu wenyewe wanakwenda kuyala, na ninanunua za wiki mbili tu, hasa nyakati za masika ambapo hewa ya pwani huweka unyevu katika kila kitu. Kiroba hakikai sakafuni wala hakigusi ukuta. Kinakaa juu ya mbao. Machicha ya nazi nayo ni mazuri yakiwa yametoka kukamuliwa tui, lakini kwa joto la hapa huchacha kabla ya jioni, na yaliyochacha nayafukia shambani.

Nyumba nyingi huwalisha vifaranga wa bata pumba za mahindi peke yake, na hapo huja tatizo la pili, la miguu. Kifaranga wa bata anahitaji vitamini B3 kwa kiasi kinachokaribia mara mbili ya mahitaji ya kifaranga wa kuku, na ile iliyomo kwenye mahindi imefungwa kwa namna ambayo mwili wa ndege hauifikii vizuri. Akiikosa, viungo vya miguu huvimba, miguu hupinda kama upinde, na utamwona akikaa kila baada ya hatua mbili huku wenzake wakikimbilia chakula. Akigunduliwa mapema hupona, akichelewa hubaki kilema kwa maisha yake yote, na bata kilema hafiki miaka 10. Dawa yake ni chakula. Dagaa wasio na chumvi waliosagwa, pumba laini za mpunga zikiwa mpya na hamira ya bia kwa anayeipata hutosha kabisa zikichanganywa kila siku katika wiki 8 za mwanzo, na chakula cha dukani cha vifaranga wa kuku chenye protini ya asilimia 20 hivi kinafaa wiki mbili au tatu za kwanza, kisha ipunguzwe hadi asilimia 16. Ukiendelea kuwashindilia chakula kikali, mwili hukua haraka kuliko mifupa ya bawa na ncha ya bawa hugeukia nje moja kwa moja.

Vitu vingine vichache vinavyoangushwa uani kwa nia njema vinaua. Maganda na kokwa la parachichi yana sumu kwa ndege. Chumvi pia: maji ya kuoshea ng'onda au mabaki ya mchuzi wenye chumvi nyingi yasimwagwe penye bata. Na kama nyumba inajengwa au kukarabatiwa, uwanja ufagiliwe misumari na vipande vya waya kila jioni, kwa sababu bata huokota kinachong'aa na kukimeza, na msumari ukitoboa firigisi hakuna wa kuutoa.

Kuhusu maji, wengi hudhani kwamba asiye na bwawa hawezi kufuga bata, na wengine hudhani kwamba kibakuli cha kuku kinamtosha. Ukweli upo katikati. Bata anaweza kuishi miaka yake yote bila bwawa, mradi awe na chombo chenye kina cha kutosha kuzamisha kichwa kizima, kwa maana hivyo ndivyo anavyosafisha macho na matundu ya pua. Asipopata, macho hutoa povu na kufumba, na uchafu wa puani hugeuka kuwa ugonjwa. Mimi hutumia beseni kubwa ninalolimwaga na kulijaza upya asubuhi na alasiri, na maji machafu huenda kwenye migomba. Chakula na maji visitenganishwe, kwani bata anayekula pumba kavu bila maji ya kuteremshia hupaliwa. Vifaranga walioanguliwa na kuku wasiachiwe kuogelea siku za mwanzo, kwa kuwa bado hawana mafuta ya kutosha kwenye manyoya na hawakuyapata kwa mama. Hulowa, hupata baridi na kufa. Kwao sahani yenye kokoto inatosha. Dimbwi la kijani lililosimama ni baya kuliko kukosa dimbwi, hasa kama kuna panya au ndege aliyeoza humo, kwa sababu sumu ya bakteria wa mzoga hulegeza shingo ya bata mpaka hawezi kuinua kichwa, na anazama katika maji ya kimo cha kiganja.

Adui wa pwani tunawafahamu. Mchana ni mwewe na kunguru, yule mwenye shingo ya kijivu aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na sasa ameenea mwambao mzima, ambaye hubeba vifaranga mmoja baada ya mwingine mbele ya mama yao. Wiki 3 au 4 za mwanzo vifaranga wangu hukaa chini ya wavu, hata kama mama anapiga kelele za kutaka kutoka. Usiku ni kicheche na chatu, nguchiro na kenge nao hawangoji giza, na kwao wote wavu mwepesi wa kuku hauna maana. Tumia wavu mgumu wa matundu madogo, ufukiwe kidogo ardhini, na sehemu ya juu ya kuta iachwe wazi kwa wavu ili hewa ipite. Kila bata mkubwa apate karibu nusu mita ya mraba ya sakafu, yenye maranda au maganda ya mpunga yanayobadilishwa kabla hayajatoa harufu ya kuchoma pua.

Kuku nao wawe na banda lao. Unyevu wa bata huwaletea magonjwa, na dume la bata akikosa majike hupanda kuku na kuwaumiza vibaya. Madume ndiyo sababu ya vifo vingi vya majike ambavyo hatuvitaji. Dume mmoja wa kienyeji anaweza kufika kilo 5 au 6, karibu mara mbili ya jike, na ukiwaacha madume watatu kwa majike wanne, majike hung'olewa manyoya ya kisogoni, huchubuliwa mgongo na kucha, hata huzamishwa wakipandiwa majini. Dume mmoja kwa majike 4 hadi 6 ni kiasi kizuri. Wanaozidi wauzwe au waliwe mapema, na mtu asionee haya uamuzi huo, kwa kuwa unawaokoa majike.

Jike anayeatamia huinuka mara moja tu kwa siku, hunywa, huoga, hula kwa haraka na kurudi, na katika siku zile 35 hupungua mwili waziwazi. Mwekee chakula kizuri karibu, majivu na majani makavu ya mwarobaini kwenye kiota dhidi ya chawa na utitiri, na makombe ya pwani yaliyopondwa ili arudishe madini yaliyokwenda kwenye maganda ya mayai. Namruhusu kila mmoja aatamie mara mbili kwa mwaka. Mara ya tatu ninaondoa mayai mapema, hata akinuna.

Chanjo ya kideri wapewe kuku wanaoishi jirani nao, kwa kuwa bata anaweza kubeba virusi bila kuumwa. Ndege wa porini wasishiriki beseni lao: Januari 2017 Uganda ilithibitisha mafua makali ya ndege kandokando ya Ziwa Victoria, kwa ndege wa mwitu na wa kufugwa pia. Vifo vya ghafla vya bata wawili watatu kwa pamoja ni vya kumwita afisa mifugo siku hiyohiyo, wala mizoga hiyo isiliwe.

Bata akishapita mwaka wa tano, ninachokagua zaidi ni nyayo. Kila mwezi, jioni wakiwa wametulia, namshika mmoja mmoja chini ya kwapa langu, namgeuza mguu kwenye mwanga na kuupapasa kwa kidole gumba. Nikikuta kigaga cheusi chenye uvimbe mgumu katikati ya unyayo, najua usaha umeanza, na huloweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, hupaka ayodini, humweka kwenye maranda safi, na usipopungua ndani ya siku chache daktari wa mifugo huitwa. Kinachosababisha ni saruji yenye mikwaruzo na kuruka kutoka juu kwa mwili mzito, kwa hiyo mlango wa banda la wazee hauna kizingiti, sakafu yake ina mchanga, na kucha zilizorefuka hukatwa nchani. Chakula chao nimekipunguza wanga na kukiongeza majani, mchicha na majani ya mlonge, maana mzee mnene huelemewa miguu kwanza.