Namna ya kumchafua mfalme aliyekwisha kufa

Ukitaja propaganda dhidi ya wafalme wa Uingereza wa Zama za Kati, wengi hukumbuka vioja: Richard III kukaa tumboni mwa mama yake miaka miwili, kisha kuzaliwa na meno na nywele zilizofika mabegani. Vioja hivyo vilikuja baadaye. Kazi nzito ilifanywa na makarani, na huko ndiko pa kuanzia.

Mchukue mfalme Harold. Alitawazwa Januari 1066, akauawa Hastings tarehe 14 Oktoba mwaka huohuo. Miaka 20 baadaye William Mshindi, aliyemshinda hapo na kuchukua kiti chake, aliagiza ardhi ya sehemu kubwa ya nchi iorodheshwe, na ndicho Kitabu cha Domesday cha mwaka 1086. Makarani waliandika kila shamba lilikuwa la nani enzi za mfalme Edward, aliyemtangulia Harold, na ni la nani sasa. Miezi tisa ya Harold ikarukwa. Anapotajwa, karibu kila mahali ni kwa cheo chake cha zamani cha erli, mkuu wa jimbo chini ya mfalme. Hakuna tusi hata moja humo, lakini aliyetaka kudai ardhi kwa idhini ya mfalme Harold hakuwa na pa kusimamia.

Henry VII alikwenda mbali zaidi. Vita vya Bosworth, ambamo alimshinda Richard III na kutwaa taji, vilipiganwa tarehe 22 Agosti 1485. Yeye akahesabu utawala wake kuanzia tarehe 21. Kwa siku hiyo moja, Richard aliyekuwa na taji kichwani, pamoja na waliomtetea, wakageuka wahaini dhidi ya "mfalme" Henry, na mali zao zikawa halali kutaifishwa. Mwandishi wa tarikhi ya monasteri ya Croyland, ambaye hakumpenda Richard hata kidogo, alishtuka: ni nani tena atakayetoka kumpigania mfalme wake, ikiwa kushindwa kunamfanya mhaini?

Kisha ikaja zamu ya Titulus Regius, sheria ya 1484 iliyotamka kwamba ndoa ya mfalme Edward IV, kaka yake Richard, na Elizabeth Woodville ilikuwa batili, watoto wao si halali, na kwa hiyo kiti ni cha Richard. Henry alikuwa anataka kumwoa Elizabeth wa York, binti wa ndoa hiyohiyo. Bunge likaifuta sheria hiyo bila kuisoma, maana kuisoma kungerudia masikioni mwa watu maneno yaleyale yaliyotakiwa kusahauliwa. Nakala zote ziliamriwa kurudishwa kabla ya Pasaka, na atakayeficha apate kifungo na faini. Mpango uliharibikia kwenye kumbukumbu za Bunge lenyewe, ambako maandishi hayo yalisalia. Ndiyo maana tunayasoma leo.

Anayeonyesha vizuri kalamu inavyogeuka ni John Rous, kasisi wa karibu na Warwick. Richard alipokuwa hai, Rous alitengeneza kumbukumbu yenye michoro ya watawala wa Warwick, moja kwa Kiingereza na nyingine kwa Kilatini, akimsifu mfalme kuwa aliwaadhibu wavunja sheria. Baada ya Bosworth, nakala ya Kilatini ilirekebishwa. Ya Kiingereza ikabaki na sifa zake. Halafu akaandika historia kwa ajili ya Henry VII, na humo ndimo ilimo ile miaka miwili tumboni.

Lakini usimtupe Rous. Aliandika kwamba bega la kulia la Richard lilikuwa juu kuliko la kushoto. Mwaka 2012 mifupa ya Richard ilipofukuliwa chini ya maegesho ya magari huko Leicester, uti wa mgongo ulionekana umepinda kwa upande, kiasi cha kuinua bega la kulia. Kibyongo hakuwa nacho, wala mkono uliosinyaa. Thomas More, aliyekuwa na miaka 7 hivi wakati wa Bosworth na kulelewa kwa muda nyumbani kwa John Morton, adui wa Richard, alisema bega la kushoto. Rous huyohuyo anakiri kwamba Richard alikufa akipigana kishujaa. Adui akitoa sifa isiyomletea faida yoyote, mimi huipa uzito kuliko kurasa kumi za matusi yake.

Kosa ninaloliona sana ni kuruka upande wa pili: kwa kuwa Watudor, ukoo wa Henry VII, walisema uongo, basi Richard hana hatia. Wapwa zake wawili, wana wa Edward IV, mmoja wa miaka 12 na mwingine 9, waliingia ngome ya Mnara wa London mwaka 1483 chini ya mamlaka yake na hawakuonekana tena. Dominic Mancini, Mwitaliano aliyekuwa London, aliandika mwishoni mwa mwaka huohuo kwamba aliona watu wakibubujikwa na machozi mtoto mkubwa alipotajwa. Ni karibu miaka miwili kabla ya Henry kushika chochote. Kwa hiyo tazama tarehe ya kuandikwa kwanza, kabla ya jina la mwandishi.

Kwa mfalme John kipimo ni hichohicho. Roger wa Wendover na Matthew Paris walioandika mabaya yake, walikuwa watawa wa St Albans, na John alinyang'anya mali za makasisi Papa alipozuia ibada nchini kuanzia 1208 hadi 1214. Walikuwa na kinyongo naye. Miaka ya 1530, Henry VIII alipokuwa amekwisha kuachana na Kanisa la Roma, John Bale aliandika mchezo wa kuigiza uliomgeuza mfalme John yuleyule kuwa shujaa aliyemkabili Papa. Ugomvi ni uleule, hukumu mbili. Hati za ofisi ya mfalme John, ambazo nakala zake zilianza kutunzwa kwa mpangilio tangu 1199, zinamwonyesha mtu mchapakazi, akizunguka nchi nzima na kusikiliza kesi. Zinaonyesha pia alivyowakamua wakuu wake kwa madeni. Mmoja wao, William de Briouze, alikimbia nchi, na mkewe Matilda na mtoto wao wa kiume wakafa njaa gerezani mwaka 1210. Hapo watawa hawakuwa na haja ya kuongeza chumvi.