Nilivyoondokana na mayai ya ganda laini

Februari ndiyo iliyonitesa. Moshi mjini mwezi huo joto lake halisemeki, na banda langu kule Pasua lilikuwa la bati tupu. Nilikuwa na mitetea 120, umri wao wiki 40 hivi, na kutaga walikuwa wanataga vizuri. Shida ilikuwa ganda. Kila asubuhi nikiokota, mayai kumi mpaka kumi na tano yanabonyea mkononi kama mpira uliopungua upepo. Mengine nayakuta yameshapasukia kwenye maranda, na kuku akishaonja kiini haachi, anakuwa mla mayai. Yenye ufa, dukani hawachukui.

Maduka ya dawa nilishayazunguka yote. Nikanunua vitamini ya maji, nikanunua ya unga. Chokaa ya unga niliiongeza kwenye chakula mpaka vumbi jeupe likawa linabaki chini ya vyombo. Hakuna kilichobadilika, na ile pesa ilikuwa ya ada ya mtoto.

Afisa mifugo alipokuja jioni moja hakuandika dawa yoyote. Aliuliza kwanza kama kuku wanakohoa, kama nimewachanja kideri, kama kuna mayai yaliyopinda umbo. Nikamwambia wamechanjwa, hawakohoi, umbo ni zuri. Akasema, "Basi mama, tumchinje mmoja tumwangalie ndani. Mboga utapata, na jibu utalipata." Tukachagua mmoja niliyemwona akitaga asubuhi ile, tukampasulia juu ya jani la mgomba.

Kuku nimepasua tangu utotoni, lakini siku zote kwa ajili ya sufuria. Siku ile nilitulia nikatazama. Upande wa kushoto wa uti wa mgongo kulikuwa na kichala cha viini, kimoja kikubwa kinachokaribia kuiva, vingine vikipungua ukubwa mpaka vidogo kama punje za mtama. Upande wa kulia hapana kitu, maana tetea hutumia ovari moja tu, ya kushoto. Chini ya kichala kuna mrija uliojikunjakunja. Aliunyoosha ukakaribia urefu wa mkono wangu, akawa anatembeza kidole: hapa mwanzoni kiini hukaa kama robo saa, hapa kinavikwa ute kwa saa 3 hivi, hapa utando, saa moja na kidogo. Halafu akafika kwenye mfuko wa ganda. Humo yai hukaa karibu saa 20.

Na yai lilikuwemo. Nilililaza kiganjani, la moto bado. Utando mweupe ulioloa, na juu yake chembechembe ngumu kama mtu amenyunyiza chumvi.

"Kazi kubwa ya ganda inafanyika usiku," akaniambia. "Sasa usiku kuku wako anakula nini, mama?"

Swali hilo sikuwa na jibu lake. Kuku akishapanda kulala hali tena mpaka kupambazuke, na ganda moja linataka gramu 2 hivi za kalsiamu. Akachukua mfupa wa paja akauvunja kwa vidole, ukakatika kirahisi mno. Tetea anayetaga huweka akiba ya kalsiamu ndani ya mifupa mirefu, na chakula kikiisha tumboni hukopa huko. Wangu walikuwa wanakopa kila usiku bila kulipa.

Kilichonifungua macho zaidi ni firigisi. Kwetu firigisi ni ya baba, na ile ngozi ngumu ya njano ya ndani nimeimenya mara nisizoweza kuhesabu bila kujiuliza kwa nini ipo. Kuku hana meno. Chakula kinalainika kwenye gole, kinapata maji makali kwenye tumbo dogo lililo juu ya firigisi, kisha firigisi inakisaga kwa msuli wake na vijiwe alivyomeza. Kitu cha unga hupita haraka. Chokaa yangu ya unga ilipita mchana, na usiku kuku hakuwa na kitu. Chenga ngumu ndizo hubaki kwenye firigisi zikiyeyuka polepole usiku kucha.

Joto nalo lilikuwa na lake. Kuku hatoki jasho. Mwili wake una nyuzi 41 hivi, na njia yake kubwa ya kujipoza ni kuhema mdomo wazi. Mapafu yake yameshikamana na mbavu, hayatanuki kama yetu; hewa husukumwa na mifuko 9 iliyosambaa mwilini. Akihema sana anapoteza hewa ukaa nyingi, na hiyo damu inaihitaji kutengeneza ganda. Kwa hiyo hata kalsiamu ikiwepo, mchana wa bati la moto unaiharibia kazi.

Nilianza na paa. Nikatandika majani makavu ya migomba juu ya bati, nikafunga kamba, nikafungua upande mmoja wa ukuta na kuweka wavu. Maji nikawa nabadilisha saa 6 na saa 9. Kisha nikaenda kwa kijana wa chipsi mayai pale Majengo nikamwomba maganda ya mayai anayotupa. Nayachemsha, nayakausha kwenye jiko, nayaponda yabaki ukubwa wa chenga za mchele. Usiyasage yakawa unga, utarudi kulekule. Nawawekea kwenye chombo chao peke yake kuanzia saa 10 alasiri, kila mmoja anajichukulia, na nimeona wanaotaga ndio wanaokimbilia.

Wiki ya kwanza nilikata tamaa kidogo. Ya pili mayai laini yakashuka yakawa matano, mwisho wa mwezi naokota moja au hakuna. Kijana wa chipsi sasa ananunua trei 2 kila siku, na nikimpelekea, narudi na ndoo ya maganda.