Penalti ambayo kaka yangu hakuiona

Katika kundi la WhatsApp la familia yetu kuna kipande cha video cha sekunde chache kilichotugombanisha mimi na kaka yangu kwa karibu wiki nzima. Kinatoka katika mechi ya watani wa jadi: mshambuliaji wa Yanga anaingia na mpira kwenye eneo la hatari, beki wa Simba anamkimbilia, mshambuliaji anaanguka, na mwamuzi anaashiria mchezo uendelee. Mimi ni Yanga tangu utotoni, kaka ni Simba kindakindaki. Mimi niliona penalti ya wazi, yeye akaona mchezaji aliyejiangusha, na kila mmoja wetu akaamini kwa dhati kwamba mwenzake anakataa kukiri anachokijua. Neno "muongo" lilitoka kwangu kwanza. Linaniuma hadi leo, kwa sababu yeye ni mkubwa wangu na hakuwa akidanganya.

Novemba 1951, timu za vyuo vikuu vya Princeton na Dartmouth nchini Marekani zilicheza mechi ya soka la Kimarekani iliyojaa rafu, ambapo nyota wa Princeton alivunjika pua na baadaye mchezaji wa Dartmouth akavunjika mguu. Wanasaikolojia Albert Hastorf na Hadley Cantril waliwaonyesha wanafunzi wa pande zote mbili filamu ileile ya mchezo huo, wakawataka waandike kila kosa watakaloliona. Wanafunzi wa Princeton waliona timu ya Dartmouth ikifanya makosa zaidi ya mara mbili ya yale waliyoyaona wanafunzi wa Dartmouth wenyewe. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 1954, ulinifundisha kwamba si kweli kuwa watu huona kitu kimoja kisha wakatofautiana maoni. Tofauti huanzia katika kuona kwenyewe.

Nilidhani ujuzi ungetuokoa. Mwaka 1985, Robert Vallone, Lee Ross na Mark Lepper wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaonyesha wanafunzi taarifa za televisheni kuhusu mauaji ya wakimbizi wa Kipalestina huko Sabra na Shatila yaliyotokea Beirut mwaka 1982. Waliounga mkono Israeli walisema taarifa hizo zinaionea Israeli, na waliounga mkono Waarabu wakasema taarifa hizohizo zinaibeba Israeli. Kilichonitia wasiwasi zaidi ni kwamba waliolijua suala hilo kwa undani ndio walioona upendeleo mkubwa zaidi. Mimi na kaka tunazijua sheria za mpira kuliko wengine wote nyumbani.

Hata hivyo, upande anaousimamia mtu hauelezi kila kitu. Mtafiti Shane Frederick, mwaka 2005, alichapisha maswali mafupi ya kupima kama mtu hulitilia shaka jibu la kwanza linalomjia, na mojawapo, nikilibadilisha kidogo, ni hili: daftari na kalamu kwa pamoja ni shilingi 1,100, na bei ya daftari imezidi bei ya kalamu kwa shilingi 1,000, kalamu ni shilingi ngapi? Wengi hukimbilia 100, ilhali jibu ni 50, na daftari ni 1,050. Watafiti Gordon Pennycook na David Rand walionyesha mwaka 2019 kwamba wanaofanya vizuri katika maswali ya namna hii hutambua vyema zaidi habari za uongo, hata zile zinazoupendelea upande wao wa kisiasa.

Hapo humkumbuka Mama. Ana shinikizo la damu, na ulipoingia ujumbe wa sauti uliodai kwamba majani fulani yanaliponya, nilitarajia yeye ndiye angekuwa wa kwanza kuuamini. Aliandika tu: "Huyu anayesema ni nani, wanangu, na mbona hataji jina lake?" Tena ni mzee, wa rika ambalo tumezoea kulishuku kwamba husambaza kila kinacholifikia.

Jumapili iliyofuata nilimwendea kaka, nikamwomba radhi, kisha nikamwambia anionyeshe anachokiona. Aliisimamisha video, akaweka kidole kwenye mguu wa mshambuliaji, unaoburuzika kabla hajaguswa. Wiki nzima sikuwahi kuutazama mguu ule. Nilikuwa nikiutazama mkono wa beki ulioshika jezi, ambao naye hakuwahi kuuona. Tukairudisha video mwanzo, safari hii yeye akiutazama mkono na mimi nikiutazama mguu.